Muchungwa Wangu Haukatwi Juu ya Jani

Dzaleka

Kwako Agronome Hubert, ofisi ya miti, Lilongwe.

Hauna haya, we kijana. Mwanamke wa umri wa koko yako, bibi yako, anatoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, anapanda minibasi mpaka Lumbadzi, anapanda ingine mpaka Lilongwe, amebeba tawi la muchungwa wake akuonyeshe ugonjwa, na we unaruka nyuma kama umeona nyoka. Ukalifunga tawi ndani ya sachet ya plastiki, ukalichoma mbele yangu bila hata kusema pole. Kisha ukaniambia Alhamisi unatuma bantu wakate muti wote na mizizi. Nilisema zikomo, asante ya hapa kwenu, nikatoka na hasira yangu. Sasa imepoa kidogo, njo nakuandikia malalamiko yangu kwa heshima.

1. Majani. Unasema jani likiwa manjano upande mmoja na kijani upande wa pili, madoa ya kushoto na ya kuume hayafanani, njo ugonjwa. Mi mwenyewe niko na mvi upande mmoja tu wa kichwa. Mbona hujanitumia bantu wa shoka?

2. Bakteria. Unasema iko ndani ya mishipa ya muti na dawa yake haiko. Nani aliiona? Hapa kliniki mtu akikohoa tu wanamtoa damu kwanza. Muchungwa wangu hakuna aliyeutoa kitu. Na dawa iko! Nilipewa kapsuli nyekundu na nyeusi za jino langu, nikazifungua zote, nikazimwaga kwenye mizizi. Muti ulilala vizuri. Jino njo halikulala, shavu limevimba mpaka batoto wananicheka, na hiyo pia naiweka juu yako.

3. Unasema kadudu kadogo njo kanaeneza ugonjwa, kale kanakaa kwenye majani mapya kichwa chini, matako juu. Nilikaona. Kweli hakana adabu. Lakini kama kadudu njo kalikosa, funga kadudu. Kwetu Fizi mwizi akiingia kwa nyumba yako, hawabomoi nyumba.

4. Ukasema tena tawi lisitoke kambini bila ruhusa. Hapo nilicheka. Muti pia! Mi naomba karatasi ya kutoka, muti unaomba karatasi ya kutoka, na kadudu peke yake kanaruka mpaka Lilongwe bila kuulizwa.

5. Matunda. Eti yanakuwa madogo, yanapindika, yanabaki kijani chini, na ni machungu. Machungu kwa nani? Pasteur Honoré alikula moja hapa kwangu Jumapili. Alifunga macho, machozi yakatoka, akaita Yesu mara mbili. Chungwa lako la Lilongwe lilishaombesha nani?

6. Sasa ile kubwa, sikiliza vizuri. Hapa bantu wote wananiita koko wa muchungwa. Mgeni akishuka kwa kabaza, baiskeli ya abiria, anaambiwa, pita kanisa, uliza kwa koko wa muchungwa. Ukiukata nitaitwa nani? Nitaitwa jirani wa Odette. Odette! Mwanamke aliyefika hapa nyuma yangu, muchungwa wake pia iko manjano, na anapika sombe bila mafuta. Mi sitazikwa kama jirani wa Odette.

Kwa hiyo naomba, na kuomba kwangu siyo kubembeleza: Alhamisi bantu wako wabaki kwao. Wakikuja watanikuta nimejifunga kwenye muti na kitenge, na nitaimba. Uliza kwaya kama wanapenda sauti yangu.

Salimia mke wako Douce na batoto, na yule mlinzi wa ofisi aliyenipa kiti, huyo alilelewa. We mwenyewe nakusalimia nusu.

Mi,
Koko Gertrude wa muchungwa

N.B. Barua ilikuwa imeshafungwa, Marlène wa kwaya akapita, akasema mwenye kukatiwa muti anapewa miche mitatu mipya, yenye afya, inayozaa haraka. Mbona hukuanzia hapo, we mtoto? Kumbe nitakuwa koko wa michungwa mitatu! Usingoje Alhamisi. Tuma bantu kesho asubuhi, shoka iwe kali, na waanzie kwangu mbele ya kufika kwa Odette.