Uzinduzi wa Mradi wa Bata na Stroberi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye suti yake peke yake ni maendeleo; waheshimiwa mlioketi kwenye viti vyenye mito; waheshimiwa wa kati mlioketi kwenye viti vya plastiki; wazee, akina mama, na vijana mliosimama juani kwa hiari yenu baada ya kufuatwa majumbani na mgambo; wapiga picha, madereva, wapishi; na shangazi yangu mpenzi, dada wa marehemu baba, ninayemwona pale mbele amenikazia macho: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Shangazi hapigi.)

Nasimama hapa nikiwa Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Bata na Stroberi kwa Kaya Ndogo, cheo nilichokibuni mwenyewe baada ya kuona hakuna mwingine anayekifaa, na nasimama kwa unyenyekevu mkubwa ambao sijauona kwa kiongozi yeyote wa rika langu. (Kicheko nyuma. Mgambo anageuka, kicheko kinakoma.)

Ndugu wananchi, mmefuga bata miaka yote bila sera. Bata anaamka, anaoga, anakula konokono, anataga, analala, na hakuna anayemfanyia tathmini. Stroberi nazo zimekuwa zikiiva kiholela, kila moja kwa wakati wake. Ofisi yangu ikaona hapana. Tukakaa kikao, tukanywa chai, tukakaa kikao cha kutathmini chai, na hatimaye tukaibuka na mkakati mtambuka, kwamba bata atamla konokono anayeitafuna stroberi, kinyesi cha bata kitairutubisha stroberi, na mwananchi atabaki na kazi moja tu ya kutushukuru. Kwa mujibu wa takwimu zetu, programu ina bata elfu tatu, na furaha yao imepanda kwa asilimia mia na arobaini. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye mito.)

Tazameni mkono wangu wa kushoto. Lile ni bwawa la kisasa. Kando yake ni matuta ya stroberi nyekundu, na wale bata mnaowaona wanazidonoa hawaibi, wanafanya ukaguzi wa ubora. Na kwenye kikapu kile chenye utepe ni bata wetu wa mfano, jike mweupe. Vijana wangu walipokwenda asubuhi kuwachukua, wenzake walikimbia ovyo hadi uvunguni mwa kitanda, lakini huyu walimkuta katulia kwenye majani nyuma ya jiko, wakambeba bila usumbufu wowote. Nidhamu ya namna hii ndiyo tunayoitaka hata kwa wapiga kura.

(Shangazi anasimama. "Mwanangu, alitulia kwa sababu analalia mayai. Yanapoa.")

Ahsante, shangazi. Swali la kitaalamu, na maswali yote yatapokelewa mwishoni.

("Mwisho ni saa ngapi?")

Mwisho utakuja ukifika. Ninazo kurasa chache zilizobaki, na hizi za chini ni viambatisho. (Minong'ono. Mama mmoja anamweleza jirani yake kwamba majike wengine wa shangazi wanataga na kuondoka zao, ni huyu mmoja tu anayekubali kulalia, na mayai yale yakifa mbegu imekwisha. Jirani anauliza sasa kwa nini alimtoa. Anajibiwa kwamba hakumtoa, walimchukua yeye akiwa kisimani.)

Naomba utulivu. Naendelea. Katika kuimarisha mnyororo wa thamani, na kwa kuzingatia mahusiano mema baina ya ofisi na ofisi, nina heshima kumkabidhi mgeni rasmi bata huyu wa mfano, aende naye, amfanye apendavyo. (Mgeni rasmi anatabasamu na kumwonyesha dereva wake kikapu. Shangazi anavua viatu, anaviacha palepale, anasogea hadi kwenye kamba inayotenga wananchi na meza kuu.)

("Mgeni rasmi, shikamoo yako nitakupa baadaye. Huyu mtoto nimemwogesha mimi, najua akidanganya. Kama bata ni wenu, mwiteni aje. Nikimwita mimi asipokuja, mpelekeni jikoni.")

Waheshimiwa, serikali haiogopi majaribio. Bata, njoo. (Bata anafumba macho.) Njoo, bata, kwa niaba ya ofisi. (Bata anageuza shingo, anatazama upande wa choo.) Mtaalamu wetu wa mifugo ataeleza kwamba bata hawa wamezoea maelekezo ya maandishi.

(Shangazi anapiga ulimi mara mbili tatu. Jike anaruka kutoka kikapuni na utepe wake shingoni, anapita chini ya meza kuu. Nyuma yake bata wengine wanatoka bwawani mmoja mmoja, midomo ikiwa myekundu kwa stroberi, wanashika njia ya nyumbani. Akina mama wanawafuata. Vijana nao. Mgambo anakwenda kuona wanakwenda wapi.)

Ndugu zangu mliobaki, mnachokishuhudia ni awamu ya pili, yaani mradi kuwafuata wananchi majumbani. Nikisema bata, semeni maendeleo. Bata. (Mtu anakohoa.) Stroberi kwa kila kaya. Kila kaya kwa stroberi. Ahsanteni, inatosha.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru dereva wa gari la maji aliyetumwagia bwawa alfajiri, na kama mnavyoona ardhi imeshalinywa lote. Namshukuru mwenye duka la matunda kwa kutuazima stroberi, na wale waliozifunga kwa uzi kwenye majani ya viazi; zilizosalia msizichume, zinarudi dukani. Namshukuru mgeni rasmi, ambaye naona gari lake limeshawashwa. Na namshukuru shangazi, kwa kuwa wale bata elfu tatu niliowasoma ni makadirio, na makadirio hayo tuliyaanzia kwenye mayai ya yule jike mmoja, yakianguliwa, wakikua, wakizaana, na shangazi akikubali kutugawia.

Fundi, punguza sauti ya spika. Mradi ndiyo kwanza umerudi kulaliwa.