Wimbo wa Sekunde Hamsini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Germantown, nje ya Washington. Mvua. Moyo mweupe kabisa.

Jana kamati ya send-off ya Anitha, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikutana kwa dada Leokadia, Lanham. Mwita, DJ na mshereheshaji wa kila shughuli ya Watanzania hapa, akajitwalia burudani kama kawaida yake. Sijui nini kilinipata. Nikasimama nikasema burudani niachieni mimi, naleta bendi kutoka Uingereza. Mwita akauliza wanapiga muziki gani. Nikasema wa kistaarabu.

Ukweli: rafiki yangu Khalfan ana mpwa, Fahmi, kazaliwa Leicester, anapiga dramu kwenye bendi iitwayo Cracked Kettle. Wana shoo Washington wiki hii na hawana pa kulala. Mimi nina besmenti, chumba kizima chini ya nyumba. Walale kwangu, wanipigie Jumamosi kwenye send-off. Kuwasikiliza sijawasikiliza, lakini bendi ya Uingereza ni bendi ya Uingereza.

Dada alinifuata hadi kwenye gari. Anitha ni mwanawe wa pekee, baba yake alishafariki, na mimi mjomba ndiye wa kumshika mkono kumwingiza ukumbini.

"Silva, ukiniharibia shughuli hii, Mwita ndiye atamwingiza mwanangu. Wewe utakaa meza ya watoto."

Hakuwa anatania.

Jumatano, 4 Juni

Wamefika! Vijana wanne, wembamba, adabu tele. Wanaosha vyombo bila kuambiwa. Ethan, mwimbaji, kachorwa tatuu shingo nzima na ananiita sir. Nimewapenda hapo hapo.

Wakafunga mitambo, wakapiga kitu kama makabati yanaporomoka ngazini. Nikangoja wamalize kujaribu spika, nikawaambia sasa anzeni wimbo. Fahmi, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, akanieleza kwa upole kwamba wimbo ndio ule, na umeisha. Sekunde hamsini! Wanazo thelathini na mbili za namna hiyo. Hardcore punk, anasema.

Sasa, kwenye send-off zawadi haipelekwi kwa kutembea. Watu hupanga foleni mlangoni, wanacheza polepole mpaka mbele. Nimemwomba Euphrasia, shangazi yake Anitha, acheze kwenye maegesho, umbali ule ule wa ukumbini, nimpime kwa saa ya simu. Kutoka mlangoni hadi meza kuu: dakika kumi na moja. Sekunde hamsini zilipokwisha alikuwa bado anarekebisha kitenge.

Sikula chakula cha jioni.

Alhamisi, 5 Juni

Mbinu! Nimewaambia kwamba kwetu bendi ikinyamaza kabla zawadi haijafika, imeikataa zawadi, na ukoo mzima hununa miaka saba. Miaka saba nimeongeza mimi.

Kumbe nimechokoza nyuki. Fahmi kwa mwaka mzima anataka nyimbo ndefu, zenye nafasi ya kupumua. Ethan anasema wimbo mrefu ni usaliti. Wakagombana kwa sauti ya chini, kistaarabu, mpaka Ethan akaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Nikampelekea chai. Akaniambia anaogopa wakibadilika, wale waliowapenda toka mwanzo watawaacha. Nikamwongezea sukari.

Ijumaa, 6 Juni

Euphrasia kaja na sufuria la pilau. Sikumwita.

Akashuka besmenti vijana wakiwa wanapiga. Mama huyu zawadi haitoi kwa kutembea, hata iwe pilau. Akaanza kucheza toka ngazi ya mwisho. Wimbo ukaisha. Akasimama pale pale, sufuria mikononi, anawatazama. Harufu imejaa chumba kizima na vijana hawajala tangu asubuhi. Wakaanza tena, akasogea. Wakamaliza, akasimama. Mara ya tatu Ethan mwenyewe akawaambia wenzake wasiache. Fahmi akashusha mwendo hadi kwenye hatua za Euphrasia, na ile kelele ya Ethan ikanyooka, ikanyooka, ikawa karibu na kuimba. Dakika tisa!

Ethan alikula sahani tatu. Neno usaliti sikulisikia tena.

Nimeandika kwenye kundi la kamati kwamba nimewafundisha mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Usiku. Bado sijavua suti.

Ili Mwita, aliyebaki mshereheshaji tu, asinipindue, niliichukua kebo ya umeme ya mikseta yake ya sauti nikaificha kwenye buti ya gari la Euphrasia. Werevu ulioje! Saa kumi kasoro dakika tano Fahmi akauliza maiki zinachomekwa wapi. Kwenye mikseta ile ile. Na Euphrasia kaenda kununua barafu.

Nikakimbia kwa miguu, na suti. Nilimkuta dukani anachagua mifuko. Akakataa katakata kuendesha kwa kasi.

Huku ukumbini Mwita kashatangaza kwa kupaza sauti bibi harusi anaingia, bendi ikaanza, mjomba hayupo. Dada akamwambia Mwita amshike Anitha mkono. Anitha akagoma. Nimesimuliwa alivyosema: "Namsubiri Mjomba. Atakuwa ameharibu kitu, lakini atakuja."

Na bendi haikunyamaza. Wanakumbuka: zawadi haijafika! Ethan hana maiki, akashuka katikati ya meza akaimba kwa koo tupu, polepole, wageni wakimwitikia bila kujua anasema nini. Dakika ishirini na mbili. Niliingia jasho likinitiririka, kebo shingoni. Anitha akanifuta uso, akanishika mkono, tukaingia tukicheza. Nililia mbele za watu na sijali. Dada alinikata jicho, halafu akapiga vigelegele. Mwita alichukua kebo yake bila kuuliza kitu. Nampenda Mwita. Kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Wameondoka kwenda Philadelphia, kisha Boston. Ethan kanikumbatia, anasema albamu ijayo itakuwa na nyimbo tatu tu, watakaowaacha wawaache. Besmenti imekuwa kubwa mno.

Dada kanipigia. Kazi ya kamati sitapewa tena maisha yangu yote, na niache kuahidi watu vitu nisivyovijua. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Mchana akapiga Jelagat, nesi Mkenya wa Columbia, mji wa jirani. Kanisa lao linafungua jengo jipya Jumapili ijayo na wanatafuta kwaya ya wageni. Kasikia nina Waingereza. Akauliza kama ni watulivu. Nikasema mno, watoto wa kanisani hao.

Bango la kwaya ya Cracked Kettle limeshachapishwa. Fahmi nitamwambia wakifika Boston.