Bawabu Wangu Hasalimii Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba 2008

Nimefunga na nimekasirika. Astaghfirullah. Daftari, nakwambia wewe, maana mke wangu Maua ameshasikia mara nne.

Mwikwabe, mwenye duka la intaneti ng'ambo ya barabara, ametundika kibao: BARUA PEPE ZA UHAKIKA, SEVA MBILI. Mbili! Moja ya tovuti, moja ya barua. Mimi ninayo moja, nayo inaonyesha bei ya dhahabu ya kila siku kwa wanunuzi wa Kemambo, kule machimboni. Leo katibu wao, mzee Waitara, kapita. Kasema umoja wao wa watu arobaini unataka bei na barua zikae sehemu moja. Kanipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa wanahamia kwa Mwikwabe, wote. Wakihama hao, hapa Tarime nabaki kutoa fotokopi za vyeti vya ubatizo. Mimi, Hamim, muadhini!

Lakini nina mpango. Programu ya tovuti iko macho usiku na mchana. Kwa nini nilishe programu ya pili? Posta nitaikalisha humo humo ndani. Naandika bawabu, namweka mlango namba 25, mlango wa barua. Akifika mgeni, yaani seva ya mbali iliyoleta barua, bawabu anamdaka kabla tovuti haijamgusa, anaongea naye kiposta, anapokea barua. Seva moja, kazi mbili. Kibao kile Mwikwabe atakishusha mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba

Bawabu tayari! Nimemnakili kutoka karatasi nilizozitoa mtandaoni. Mstari mmoja tu nimeukata kwa kalamu nyekundu. Ulisema mgeni akifika, bawabu aanze yeye kwa namba 220, yaani karibu. Adabu gani hiyo? Mtu humjui, hajapiga hodi, wewe unamkimbilia na karibu? Anayekuja ndiye anayesalimu. Wageni wa tovuti ndivyo walivyo: wanafika, wanasema shida yao, wanahudumiwa.

Na hilo ndilo lililonitenganisha na Mwikwabe tangu Iddi iliyopita. Kila asubuhi anapita mlangoni kwangu, mimi nimekaa, hanisalimu. Anawaambia watu yeye ndiye mkubwa, nimwamkie shikamoo. Kwa mila za kwao ukubwa ni nani alitangulia kutahiriwa. Sawa! Yeye alitahiriwa ana miaka kumi na sita. Mimi nilitahiriwa nina siku saba. Hesabu mwenyewe. Anasema yangu haihesabiwi, eti sikusimama imara mbele ya kisu. Ningesimamaje, na siku saba!

Jumatano, 10 Septemba

Aibu. Mzee Waitara katuma barua tatu za majaribio kutoka Mwanza. Haikuingia hata moja. Nimefungua kumbukumbu za seva. Saa nne na dakika kumi na mbili, mgeni kafika mlango 25. Kasimama. Kimya. Dakika tano nzima, kaondoka. Kaja mwingine, vile vile. Kumi na tisa, mabubu watupu! Nani anawapa mabubu kazi ya kupeleka barua?

Nikajua. Mwikwabe ndiye anayewatuma. Nikavuka barabara nikamweleze. Kufika, nikakumbuka mambo mawili: nimefunga, halafu nikifungua mdomo nitakuwa nimeanza mimi. Nikageuka nikaugombeza ukuta wake. Niliugombeza vizuri. Watu wa bodaboda walipiga makofi.

Alhamisi, 11 Septemba

Bei ya dhahabu haifunguki! Waitara kwenye simu anafoka: wachimbaji wamejazana na mawe yao, yeye hajui bei ya leo. Nikachungulia. Tovuti yangu ina viti ishirini, kila mgeni na kiti chake. Mabubu wa barua wamevikalia vyote. Wanamtazama bawabu, bawabu anawatazama. Kwa Mwikwabe wangekalia mashine nyingine, bei ikapita. Hilo usimwambie mtu.

Nikatunga sheria: asiyesema ndani ya sekunde kumi, nje! Viti vikafunguka papo hapo. Bei ikarudi. Na mimi niliishia darasa la saba! Barua bado.

Wakati wa futari Maua akaniambia, baba Zaitun, huenda hao wanangoja wakaribishwe. Eti hata posta ya zamani mtu husemi mpaka karani ainue kichwa. Nikamwambia uji hauna sukari.

Ijumaa, 12 Septemba

Allahu akbar! Natoka msikitini, namkuta mzee Waitara kwenye kiti changu, anacheka. Barua sitini na moja zimeingia! Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema zikiendelea hivi, Jumatatu analeta mkataba. Ni dua yangu, pamoja na sekunde zangu kumi. Maua anatabasamu tu, kashika zile karatasi zangu zenye wino mwekundu. Sikuuliza.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeuliza.

Kaurudisha ule mstari! Mimi nasujudu, yeye anaandika karibu! Anasema huo ndio uliofungua mlango, Waitara shahidi. Ningesamehe, wallahi, barua zilikuwa zinaingia. Lakini nikasoma kumbukumbu. Ijumaa saa saba na nusu kafika mgeni kutoka seva ya Mwikwabe. Waitara alikuwa anajaribu kutokea kule. Na seva yangu ikamwambia karibu. Ikaanza yenyewe! Imeandikwa, na saa yake, na dakika yake. Ndipo yule wa Mwikwabe akajibu, kwa raha zake.

Nimeufuta. Maua kalia. Kasema watu arobaini ndio ugali wa nyumba hii, na mimi nachagua salamu. Nikamwambia atulie, mpaka kesho watakuwa wamejifunza adabu.

Jumatatu, 15 Septemba

Waitara kaja, kaangalia. Barua mpya, hakuna. Hakufoka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Kavuka barabara na mkataba wake.

Alasiri Maua karudi kutoka ng'ambo anahema. Mwikwabe keshasaini, halafu umeme ukakatika, uliporudi mashine yake ya barua ikatoa moshi. Anataka tufanye kazi pamoja, nusu kwa nusu, kwa ujanja wangu wa seva moja. Anakuja mwenyewe. Maua akanishika mkono, akaniomba neno moja tu. Hata habari tu.

Kaja kweli. Kasimama mlangoni, kofia mkononi. Mimi nimekaa. Akanitazama. Nikamtazama. Akakohoa, lakini kikohozi si salamu. Nikampa nafasi, mimi si mtu mkatili. Nikahesabu. Ilipofika kumi nikainuka nikashusha pazia.

Kumi ni nyingi. Kesho nazipunguza ziwe tano.