Ombi la Kuharakisha Kufungwa kwa Maktaba Inayokumbuka Mno

Maktaba ya Mamlaka,
Ghorofa ya Tatu, mkabala na choo kisichofungika.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MAKTABA IFUNGWE LEO, TUSINGOJE TAREHE

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya na feni ya ofisini kwako inazunguka. Ya kwetu ilisimama mwaka jana, nasi tukaizoea kama tulivyozoea mengine.

Nimepokea waraka wako wa Jumatatu. Unasema maktaba itafungwa baada ya siku kumi na mbili, chumba kigeuzwe Ukumbi wa Ubunifu wenye makochi na skrini kubwa, majalada yapelekwe kwa wanunuzi wa karatasi chakavu wakayapime kwa kilo, na mimi na naibu wangu tupangiwe majukumu mengine "kadiri yatakavyopatikana". Nimeusoma mara tatu. Mimi ni Mkuu wa Huduma za Utafiti wa Maktaba kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, katika Mamlaka ambayo kazi yake ni kuchungulia kazi za ofisi nyingine zote za serikali, na nakiri kwamba siku kumi na mbili ni nyingi mno. Kwa heshima na taadhima naomba tufungwe leo, kabla hatujaleta madhara zaidi. Malalamiko yangu dhidi ya maktaba yangu mwenyewe ni haya yafuatayo:

1. Chumba. Dari linavuja juu ya rafu za miaka ya nyuma. Mvua ikinyesha, naibu wangu hupanga ndoo nne na kutandaza nailoni juu ya ripoti, na mkaguzi anayehitaji jalada hulichukua akiwa ameinama. Sina shaka kwamba yakija makochi, fundi wa dari atapatikana siku hiyohiyo.

2. Simu. Waraka unasema kila kitu siku hizi kipo mtandaoni, na ni kweli kabisa. Mwezi uliopita mkaguzi mmoja mpya alikwenda kukagua ghala la dawa akiwa na simu yake tu. Alisoma humo kanuni za uhifadhi wa dawa, akawabana watu wa ghala mpaka wakatokwa jasho, akaandika ripoti ya kurasa thelathini. Ilipofika kwetu tukagundua kwamba kanuni zile zilifutwa miaka sita iliyopita, tena ni za nchi jirani. Maktaba isingekuwepo, hakuna ambaye angejua, na mkaguzi yule angekuwa bado ananisalimia tukipishana kwenye ngazi.

3. Kikaratasi cha njano. Kila jambo linaloingia kwenye ripoti ya Mamlaka hubandikwa kikaratasi chenye maswali matatu: nani kasema, lini, na imeandikwa wapi. Kisha mtu wa pili hulisoma upya na kugonga muhuri, na bila muhuri karatasi haitoki mlangoni kwetu, hata iwe yangu. Mshika muhuri ni naibu wangu. Wakaguzi wanamwita Bi Muhuri, na wakimwona anavaa miwani hukumbuka ghafla kwamba wana kikao kwingine. Mwaka jana alirudisha ripoti ya mkurugenzi mzima kwa sababu ya maneno matatu tu, "wananchi wengi wanalalamika". Alitaka kujua ni wangapi. Walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa shemeji yake mkurugenzi.

4. Kanuni za kizee. Hati halisi huazimwa kwa siku thelathini, na ikiwa hata moja iko nje, chumba hakiruhusiwi kuhamishwa wala kukabidhiwa kwa mtu mpaka irudi kwenye rafu. Utakumbuka mwaka juzi tulipotakiwa kuhamia chini, kando ya mashine ya kusukuma maji. Zoezi lilikwama wiki tatu kwa sababu ya jalada moja lililokuwa kwenye buti la gari la mkaguzi aliyekuwa safarini, na wapagazi wakabaki kwenye ngazi wanacheza karata. Nilimtafuta aliyetunga kanuni hiyo ili nimlaumu. Ni kanuni ya kumi na nne ya mwongozo wa Mamlaka, na hakuna aliyekumbuka kuifuta.

5. Kukumbuka. Hili ndilo kosa letu kubwa. Ofisi nyingine hukosea, zikasahau, zikaishi kwa amani. Juzijuzi Mamlaka ilizindua mapendekezo mapya kumi kuhusu majengo ya shule. Watu wakapiga makofi, nawe ukapigwa picha. Mimi na kiherehere changu nikashuka na jalada la enzi ambazo nilikuwa sijaota mvi hata moja. Mapendekezo ni yaleyale kumi, kwa mpangilio uleule, na hata kosa la kuhesabu nguzo ni lilelile. Sijui nilitegemea nini. Tangu siku hiyo sijaonja tena chai ya ofisini kwako. Naelewa. Watu wanaosimamia serikali nzima hawapaswi kukumbushwa kwamba hayo walishayasema na hakuna aliyewasikiliza. Inavunja moyo, na wa kwanza kuvunjika moyo nilikuwa mimi.

6. Nyumbani. Ugonjwa huu unaambukiza. Mdogo wangu wa kike alipoletewa posa, wazee wa upande wa pili walimsifu kijana wao kwamba ni mpole na hajawahi kugombana na mtu. Ulimi ukaniponyoka, nikawauliza nani kasema, lini, na imeandikwa wapi. Mama alinitoa nje kwa jicho tu. Mke wangu siku hizi hawezi kusema mchuzi umezidi chumvi bila kumleta jirani aonje, na mama mkwe, ambaye kwa miaka yote hii anaamini nauza vitabu, ameomba rasmi wajukuu zake wasije wakarithi kazi yangu.

7. Faida kwa taifa. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, Mheshimiwa. Kila jengo bovu, kila dawa iliyopotea na kila barabara iliyoishia kwenye ramani viligunduliwa na mtu aliyesoma karatasi. Pasipo kusoma hakuna kugundua, na pasipo kugundua hakuna kosa. Maana yake ni kwamba tukifunga maktaba saa mbili asubuhi, nchi itakuwa imetakata kufikia saa nne. Na nchi ikishatakata, Mamlaka ya kuisimamia itakuwa ya nini? Napendekeza makochi yaenezwe jengo zima, ikiwemo ofisi yako, ili sote tukae humo tukibuni mpaka tustaafu.

8. Shukrani. Hili nalisema bila mzaha. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mkaguzi, meneja wala mkurugenzi aliyewahi kutuandikia asante, hata neno hilo moja. Nimeumia, na sioni haya kukuambia. Kitu ambacho hakijawahi kushukuriwa bila shaka hakijawahi kumfaa mtu, kwa hiyo kifungwe.

Nitashukuru ombi langu likishughulikiwa kwa kasi ileile iliyotumika kuchagua rangi ya makochi. Nisalimie katibu muhtasi wako, dereva wako anayejua kila kitu na hasemi, mlinzi wa getini, mpiga picha wa Mamlaka, na kamati nzima ya Ubunifu popote ilipojikunja.

Wako mtiifu katika kusahau,

Mkuu wa Huduma za Utafiti wa Maktaba (mpaka leo jioni, Inshallah)

Baada ya kusaini:

Barua hii imechelewa siku mbili. Nilimpa Bi Muhuri aigonge, akavaa miwani.

Ameirudisha imejaa vikaratasi vya njano. Lalamiko la kwanza kalikubali, ila ndoo ni tano. La saba kaandika kwamba ni maoni yangu binafsi na yabaki kuwa yangu. La nane kaandika "Si kweli", akafungua droo yake ya chini na kuniwekea mezani karatasi ndogo ya penseli, ya miaka kumi na saba iliyopita. Iliandikwa na Mkaguzi wa Daraja la Pili aliyekuja siku moja kutuuliza kuhusu tangi la maji lililojengwa juu ya bweni la wasichana. Tulimtafutia ripoti ya zamani iliyosema nguzo za tangi lile zimepasuka, ripoti ambayo hakuna aliyewahi kuifanyia kazi. Karatasi inasema hivi: "Nimetoka huko sasa hivi. Tangi limeshushwa. Shule inafunguliwa Jumapili, wasichana mia moja na sitini wangelala chini yake. Sijui niwaambie nini. Asanteni."

Mwandiko ni wako, Mheshimiwa. Sahihi pia.

Nilimuuliza Bi Muhuri kwa nini hakuwahi kunionyesha. Alisema nilikuwa likizo ilipofika, akaipa namba, akaihifadhi, kwani nilitaka aitundike ukutani? Nilitoka nje kidogo, nikajifanya nakwenda kukagua ndoo.

Kwa utaratibu wetu, barua yenye jambo lisilo la kweli haifanyiwi kazi. Ombi langu kwa hiyo limeanguka, na kilichobaki ni dari.

Karatasi yenyewe nimeiambatisha hapa. Ni hati halisi, nasi tumeiandikisha leo kwa jina lako kwa siku thelathini. Ukishaisoma, tafadhali irudishe maktaba. Wala usiharakishe.