Kizibo cha Mpira wa Golfu Mbele ya Wakwe

Jamaa, leo nimepata haya mpaka masikio bado yanawaka. Mbele ya wakwe! (Hawajawa wakwe bado. Njo shida yenyewe.)

Ngojeni niseme mwenyewe, kabla Papa Yonasi hajafika hapa kuwasimulia kwa namna yake.

Mnajua mimi ni seremala kwa yule mzungu wa pareto, hapa juu ya Bihambwe. Mnajua pia ugonjwa wake: kila jioni anasimama kilimani na fimbo ya chuma, anapiga kimpira cheupe, kigumu kama jiwe, halafu anakitafuta kwenye nyasi za ng'ombe mpaka jua linazama. Golfu. Vile vilivyopasuka ngozi anavitupa. Wiki hii mke wake, Madame, akaviokota, akaniletea karakanani.

"Anakleti, nifanyie vizibo vya chupa. Mpira juu, mti chini. Itapendeza mezani."

"Ndiyo, Madame." (Sijawahi kumwambia Madame hapana. Hata nikiwa sijaelewa kitu.)

Cha kwanza nilikibana kwenye jiliwa, nikaanza kukitoboa kwa keekee. Kumbe ndani kuna uzi wa mpira, mwembamba, umevutwa na kuzungushwa kwa nguvu! Ukafyatuka wote, ukanirukia usoni kama matumbo ya kuku. Nikapiga kelele. Madame akacheka mpaka akashika ukuta. Cha pili nikatoboa kidogo tu, nikagundisha kijiti cha mti, nikakichonga mpaka kikawa laini. Kikatoka kizuri, jamaa. Kama yai limekaa juu ya chupa. Nikamaliza sita. Cha saba Madame akaniachia mimi, pamoja na chupa tupu ya divai.

Hapo kichwa kikavimba.

Maana leo ilikuwa siku ya kwenda Sake, kwa baba yake Bernadeta, kuomba binti. Mama alikuwa ametengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, tamu, ya siku mbili, na povu lilikuwa bado linapanda. Alishaitia kwenye kibuyu, na jani la mgomba mdomoni.

"Mama, mimi ni fundi. Siwezi kwenda kwa watu na kibuyu."

"Mutoto wangu, hii pombe iko napumua bado."

"Itapumulia ndani." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Nikajaza chupa. Nikazungushia kijiti ukanda wa mpira wa baiskeli ili kibane, nikagonga kwa nyundo. Hata hewa haikuwa na njia!

Asubuhi tukapanda kamio, lori la kabichi, mimi na Papa Yonasi, mshenga wangu. Barabara mnaijua. Kila shimo, chupa inaruka mapajani mwangu. Jua likapanda. Nikasikia kitu kinanong'ona, tsiii. Nikadhani ni tairi.

Kule Sake wametupokea vizuri. Baba yake Bernadeta, Papa Zakaria, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Pembeni amekaa bibi kizee wa nyumba, wanamwita Tate. Bernadeta mwenyewe kasimama mlangoni, macho chini, adabu tupu. Nikaweka chupa katikati ya meza. Kimpira kinang'aa. Wote wanakitazama. Nikajisikia mimi ni gavana.

Papa Yonasi akasimama, akakohoa, akaanza: "Papa Zakaria, sisi tumepita hapa, tukaona ua..."

"Ngoja kwanza," akasema Papa Zakaria, akainama mezani. "Hii iko yai ya nini?"

"Si yai, Papa. Ni kizibo. Nimekitengeneza mimi, kwa mikono yangu."

"Ah! Na inafunguka namna gani?"

Jamaa, si ningesema "polepole"? Si ningetoka nayo nje? Hapana. Nikajinyoosha, nikashika kimpira kwa vidole viwili kama Madame, nikazungusha.

PAA!

Kimpira kikapita sikioni mwa Papa Zakaria, kikagonga bati, kikarudi, kikagonga meza, kikagonga ukuta, kikampata Papa Yonasi katikati ya paji la uso, kikatulia kwenye sahani ya Tate. Na pombe nayo ikatoka!

Mimi nikafanya akili. Nikaziba mdomo wa chupa kwa dole gumba. (Msiniulize.) Badala ya kwenda juu, ikatoka pembeni, nyembamba, kali, moja kwa moja kwenye uso wa Papa Zakaria. Yeye anakwenda kulia, mimi kwa woga nageuka naye kulia. Anakwenda kushoto, mimi huyo. Shati lote! Nilimwosha mkwe wangu mpaka chupa ikaisha.

Nikatafuta mlango nikimbie. Mlangoni Bernadeta amekaa chini, kitambaa cha kikwembe chake mdomoni, machozi yanamtiririka kwa kicheko, hapapitiki. Nikabaki nimesimama na chupa tupu. Nikasema moyoni, basi, nimemkosa.

Tate akaokota kimpira, akakilamba. "Hii yai yenu iko nguvu."

Papa Yonasi, mkono kwenye paji la uso, bado amesimama: "Kama nilivyokuwa nasema, tuliona ua..."

Papa Zakaria akajipangusa macho. Akalamba midomo. Akalamba tena.

"Nani alipika hii pombe?"

"Mama yangu, Papa."

"Iko muzuri. Wiki ijayo mama yako akuye yeye mwenyewe, tuzungumuze. Weye ubaki kule kwenu."

Nikaangusha kichwa. "Papa, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Wengine wanafichaka bujinga yao mpaka baada ya ndoa. Weye yako yote umeleta leo. Tumeiona, tumemaliza."

Nikamtazama Bernadeta. Hajaweza hata kusimama. Ila ametikisa kichwa kwamba ndiyo. Nimeona mwenyewe!

Kwa hiyo, ndugu zangu, chekeni kidogo kidogo. Atakayezidisha, siku ya ndoa mimi njo nitafungua chupa, na yeye nitamkalisha mbele.