Mlima Ulio Ubavuni mwa Nyumba Yetu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ya tatu ya ndoa! Philemoni wangu kapika uji mwenyewe, kanibusu kwenye paji. Mume! Ila kambi moja ya watalii huko Serengeti inamtaka awe mpishi. Miezi mitatu bila kurudi! Tukipata mgeni wa kupanga chumba chetu cha uani, haendi. Basi nitampata.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yetu Evelyn naye anapangisha wageni. Tangazo lake mtandaoni linasema nyumba iko "near Mount Meru". Near! Karibu tu? Nimefungua kamusi yangu ya sekondari. "Close to" ni karibu zaidi. "Next to" ni ubavuni kabisa. Kwenye tangazo langu nikaandika "next to". Philemoni akauliza, mke wangu, tangu lini Sombetini yetu ikawa ubavuni mwa mlima? Nikamwambia mgeni haambiwi mbali, atakata tamaa bure. Akacheka. Meno yale!

Alhamisi, 6 Machi
Mgeni kafika! Bi Hanneke, Mholanzi, mpole ajabu. Kauliza mlima uko wapi. Mawingu yamefunika. Nikanyoosha kidole, nikasema ni hapo tu, ukivuka barabara. Katoka na kandambili na chupa ndogo ya maji. Karudi jioni kwa bodaboda, kaiva kama nyanya.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Hanneke hakufoka. Alitukuta kwenye benchi tunachambua mchicha. Akasema, dada, "next to" ni kama wewe na mumeo hapo: hata jani halipiti katikati. Machozi yalinitoka. Hakuna aliyewahi kutusifu hivyo! Halafu akabeba begi, akahamia kwa Evelyn, aliyemwambia kuwa mlimani ni mwendo wa gari. Mkatisha tamaa yule! Na bado kanichungulia juu ya ua, eti pole, bibi harusi!

Jumapili, 9 Machi
Philemoni kasaini. Anaondoka kesho. Nimelia ibada nzima. Tulipotoka akaniambia, usilie mama, kambi inatafuta na dobi. Ila awe mtu wa jirani na kambi, maana hawana pa kumlaza. Jamani, mume mwenye akili! Nimeshaandika barua, Kiingereza safi: "I live next to the camp." Nitafua asubuhi, jioni nitarudi Sombetini kufungia kuku.