Chupa Mia Nane na Ufunguo wa Friza

Jumatatu, 9 Juni
Maabara, Iyunga. Baridi ya kukata masikio, pua imeziba. Dk. Kalinga katangaza: atakayepima haraka dawa zetu za miti shamba dhidi ya malaria, bila kufuja, atakabidhiwa ufunguo wa friza. Mkuu wa Maktaba! (Maktaba ndivyo tunavyoiita friza hiyo, ingawa haina hata kitabu kimoja, ni chupa mia nane tu.) Miaka sita nausubiri ufunguo ule. Severina, mwenzangu wa maabara, naye anautaka. Yeye kapewa chupa mia nne, mimi mia nne. Nasikia anachora jedwali. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 10 Juni
Nina akili jamani! Nimechanganya dawa kumi kumi katika kila bomba la kioo lenye vimelea, kama makande. Vipimo mia nne vimekuwa arobaini! Nilimimina chupa nzima nzima. Kudonyoadonyoa ni uchoyo. Zipi zimeingia wapi sikuandika, kichwa kipo. Mchana nakula ndizi, Severina bado anadondosha tone tone. Nilimhurumia, kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Mungu wangu! Bomba la kumi na saba limeua vimelea vyote vya malaria! Vyote! Nilipiga kelele hadi mlinzi Anord akaja na rungu. Dk. Kalinga alinishika mkono, machozi yakimlengalenga. Akauliza ni dawa ipi kati ya zile kumi. Nikasema zote, kwa ushirikiano. Akasema basi tuzipime moja moja, nilete chupa.
Chupa!
Alifungua friza mwenyewe. Mia nne, tupu. Akakaa sakafuni. Sijawahi kuona daktari akikaa sakafuni. Nilishtuka, nami nikakaa.

Ijumaa, 13 Juni
Severina naye alichanganya! Mwizi! Ila kila dawa aliitia tone moja moja katika mabomba mawili, akaandika yapi. Mabomba mawili yakaua, na dawa iliyomo katika yote mawili ni moja tu: gome la mganga Mzee Limbu wa Rujewa. Chupa yake bado imejaa! Ufunguo kapewa yeye. Anauvaa shingoni. Nimeumia sana.

Jumatatu, 16 Juni
Natumwa Rujewa na Iringa kukusanya upya majani na magome ya chupa zangu zote. Severina kanipa mifuko mia nne na kalamu ya wino usiofutika, akanisihi niandike jina juu ya kila mmoja. Mifuko mia nne! Nimeiacha chini ya meza. Nimechukua gunia moja kubwa. Nikirudi nitayatenganisha kwa harufu.
Mafua haya yataisha tu.